Miungu Kumi na Miwili ya Ubaoni

Kwa miaka mingi nilifundisha historia na fasihi katika shule ya sekondari, na kila ulipofika wakati wa kuwaeleza wanafunzi habari za Wagiriki wa kale nilifanya kazi ile ile kwa namna ile ile. Nilichukua chaki nikaugawa ubao sehemu tatu. Kushoto niliandika jina la mungu, katikati kazi yake, kulia jina alilopewa na Warumi. Zeus, radi, Jupiter. Poseidon, bahari, Neptune. Athena, hekima na vita, Minerva. Nilipofika wa kumi na mbili kengele ililia, wanafunzi wakawa wamekwisha nakili, nami nikatoka nikijipongeza kwamba leo nimefundisha.

Sasa nimestaafu, na nimepata wasaa wa kuipitia kazi yangu kama mtu apitiavyo kitabu cha mwenzake. Naona somo lile lilikuwa bovu. Ubovu wake haukuwa katika uongo, maana karibu yote niliyoyaandika yalikuwa ya kweli. Ubovu wake ni kwamba liliwaonyesha wanafunzi miungu bila kuwaonyesha watu walioiabudu.

Siku moja kijana wa Kidato cha Pili, aliyezoea kukaa nyuma karibu na dirisha, alinyosha mkono. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Hao Wagiriki wenyewe waliyaamini mambo haya? Maana huyu Zeus ni mwongo na mzinzi. Angekuwa jirani yetu tungemshitaki kwa mjumbe. Mtu anamwombaje?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikadhani nafanyiwa mzaha. Nikamwambia akae, anakili yaliyo ubaoni, kwa kuwa hayo anayouliza hayatakuja katika mtihani. Akakaa. Mwaka ule hakuniuliza swali jingine.

Ilichukua muda mrefu kabla sijajua nilichokuwa nimekizima siku ile. Xenophanes, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, aliwalaumu Homer na Hesiod waziwazi kwa kuipachika miungu wizi, uzinzi na udanganyifu, mambo ambayo kwa binadamu ni aibu. Alisema pia kwamba Waethiopia huiona miungu yao ina ngozi nyeusi na pua bapa, na Wathrakia huiona yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu. Na lau ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye sura za ng'ombe na farasi. Naye Plato, katika karne ya 4, alipoandika juu ya mji ulio na haki alitaka hadithi za namna hiyo zisisimuliwe kwa watoto, hata kama msimulizi ni Homer mwenyewe.

Basi kijana wangu alikuwa ameuliza swali ambalo Wagiriki wenyewe walilibishania kwa mamia ya miaka. Katika darasa lile yeye ndiye aliyefikiri kama Mgiriki. Mimi mwenye chaki nilikuwa mpiga chapa tu.

Na jibu la swali lake halikuwa mbali. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa na Biblia masandukuni mwao bwenini. Katika Matendo ya Mitume wangesoma jinsi watu wa Listra, huko Asia Ndogo, walivyomdhania Barnaba kuwa Zeu na Paulo kuwa Herme, na kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua tayari kwa kuchinja. Wangesoma pia juu ya ghasia za Efeso, mafundi wa fedha walipoona biashara yao ya sanamu za hekalu la Artemi inaingia hatarini. Watu hawa hawakuwa wakikariri orodha. Walichinja, walisherehekea, walifanya biashara, na waliogopa. Mimi nilikuwa nimemwandika Artemis ubaoni kuwa mungu wa uwindaji, nikaishia hapo. Waefeso walimjenga hekalu lililosifiwa kuwa moja ya maajabu saba ya dunia, na sanamu yake ya pale haikufanana kabisa na msichana mwenye upinde.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la ubao wangu. Uliifanya miungu kuwa baraza la mawaziri, kila mmoja na wizara yake. Kumbe Zeus huyo huyo wa radi alikuwa mlinzi wa mgeni na wa mwombaji. Katika *Odyssey*, mtu akifika mlangoni hupewa chakula kwanza, na baada ya kushiba ndipo huulizwa jina lake na atokako. Nani kati ya wanafunzi wangu asingeyaelewa haya, yeye aliyelelewa na bibi anayemkaribisha mpita njia kwa maji kabla ya kumuuliza shida yake? Hata idadi yenyewe haikuwa imara kama nilivyoiandika. Pengine Hestia huhesabiwa katika wale kumi na wawili. Lakini katika michoro ya mawe ya hekalu la Parthenon, kule Athens, yeye hayumo na nafasi imekaliwa na Dionysus.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Niliwafundisha kana kwamba kila kisa kina sura moja tu. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu cha kuwafunga. Katika Homer, Helen alikwenda Troy. Katika mchezo wa Euripides wa mwaka 412 kabla ya Kristo, kilichokwenda Troy ni kivuli chake, na mwanamke mwenyewe alikuwa Misri muda wote. Katika *Odyssey*, mama yake Oedipus anajinyonga lakini Oedipus anaendelea kutawala, na hapatajwi popote kwamba alijitoboa macho. Mtu aliyekulia penye wasimulizi hashangazwi na jambo hili. Hadithi ya sungura niliyosimuliwa na shangazi haikuwa sawasawa na aliyoisimulia mjomba, na hatukumwita yeyote kati yao mwongo. Tuliuliza kwa nini huyu kaisimulia hivi. Swali hilo ndilo mlango wa fasihi, nami niliufunga kwa majina matatu matatu ya kukariri.

La tatu naliungama kwa haya. Habari za Zeus niliziita visasili, na nilitaka wanafunzi wazijue ili waonekane wameelimika. Habari za mizimu na matambiko ya wazee wetu niliziita imani za kizamani. Hesiod anaeleza jinsi Prometheus alivyomgawa ng'ombe kwa hila, nyama akaificha ndani ya tumbo la mnyama na mifupa akaifunika mafuta meupe yavutie macho, na kwamba ndiyo sababu binadamu hula nyama na miungu huchomewa mifupa. Hicho ni kisa kinachoeleza kanuni ya tambiko. Wanafunzi wangu walikuwa wameona kwao fungu gani la mnyama hupewa nani, na kwa sababu gani. Wangeweza kunifundisha. Sikuwauliza.

Wapo wanaosema dawa ni kuyafuta mambo ya Wagiriki katika masomo yetu, kwa kuwa ni ya kigeni. Sikubaliani nao. Samuel Mushi alipoutafsiri mchezo wa Sophocles, ukachapishwa mwaka 1971 kwa jina la *Mfalme Edipode*, hakutuletea sanamu ya kupigia magoti. Na Ola Rotimi wa Nigeria alikwisha kihamishia kisa hicho katika nchi ya Wayoruba, katika mchezo ulioigizwa mara ya kwanza mwaka 1968, nacho kikasimama. Ugeni wa kitu si ubaya wake. Ubaya ni kukipokea bila kukihoji.

Nakala ya Mushi ndiyo iliyonifunza ualimu, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Nilikuwa nimetayarisha funzo la kumalizia kipindi: majivuno humponza mtu. Kabla sijaliandika, msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu Oedipus alikimbia Korintho ili asije akamwua baba yake. Angefanya nini zaidi?" Mwenzake akajibu kwamba asingemwua mzee waliyegombania njia. Wa tatu akasema kosa ni la wazazi, waliomtoa mtoto akatupwe mlimani. Nikaiweka chaki chini. Kisha msichana mwingine, mpole, akasema, "Jocasta alimsihi aache kuuliza. Mimi ningemsikiliza mke wangu."

"Na watu wanaokufa kwa tauni?" akaulizwa.

Hakuna aliyecheka. Kengele ikalia, wakaendelea kubishana hadi kwenye mlango wa bwalo. Mimi nilibaki nimekaa, nikimkumbuka yule kijana wa dirishani. Mji wa Thebes ulikuwa na mtu asiyekubali kuambiwa aache kuuliza, na ukweli alioupata ulimvunja yeye lakini ndio uliotakiwa ili mji upone. Darasa langu nalo lilikuwa na mtu wa namna hiyo, nami nilimwambia akae anakili.

Walimu vijana huja wakati mwingine kuniomba madaftari yangu ya zamani. Nawapa, maana majina yana faida yake na mtihani nao una haki yake. Ila nawaomba orodha ile waiweke mwisho. Waanze na mgeni aliyelishwa kabla ya kuulizwa jina, au na ng'ombe wa Prometheus, kisha wawaulize wanafunzi kwao hufanywaje. Na akitokea mmoja wa kuuliza kama Wagiriki waliyaamini hayo, wasimkalishe. Wamwambie kwamba wengi waliamini, wengine walitilia shaka, na baadhi waliandika mashaka yao. Kisha wamuulize yeye anaonaje.

Yule kijana sijui aliko. Sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wanaosoma. Nikikutana naye sitamtaka anitajie miungu kumi na miwili. Nitamwambia swali lake lilikuwa zuri, na kwamba nimechelewa kumjibu.