Miiba ya Peponi

Kibanzi kiliniingia Ijumaa jioni, na sikuwa na wa kumlaumu. Nilikuwa nimenunua meza ya saiprasi kwa fundi mmoja wa kando ya Waiyaki Way, pale Kangemi. Fundi aliniomba nimpe hadi kesho yake aipige msasa wa mwisho. Mimi nikasema imetosha, nikaita mkokoteni. Nilipoifikisha nyumbani nikapitisha mkono ukingoni, kwa majivuno ya mwenye mali mpya, na mbao ikanijibu. Kipande chembamba kuliko unyasi wa ufagio kikazama kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kikakatikia ndani. Wahenga walikuwa wameshanihukumu kabla sijapiga yowe: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tumezoea kukitaja kibanzi kwa dharau. Tangu kiwekwe kando ya boriti katika mahubiri, kimekuwa jina la kosa dogo lisilostahili kelele. Anayekidharau hajawahi kufunga vifungo vya shati nacho kidoleni, wala kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa. Ncha za vidole zimejaa mishipa ya fahamu, na ubongo umezitengea nafasi kubwa kuliko ile iliyotengewa mgongo mzima. Ndiyo maana kitu kinachoweza kupita tundu la sindano, kikishaingia kidoleni, huwa boriti.

Usiku ule nikapiga simu, na kila niliyempigia alikuwa mganga. Dada yangu akasema nichanganye sukari na sabuni ya kipande iliyolainishwa, nipake, nifunge kitambaa, nilale nayo. Shangazi akasema ganda la ndizi mbivu, upande wa ndani. Rafiki yangu mwalimu akataja gundi nyeupe ya shuleni: tone moja, liache likauke, kisha bandua. Jirani wa zamani akaniagiza maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu saa, mara tatu kwa siku. Hakuna hata mmoja aliyesema hajui.

Nilizijaribu karibu zote, na kidole kikiwa kinapwita nikapata muda wa kuzitafakari. Gundi na selotepu ni dawa za kilichochomoza. Hushika kichwa kilichobaki nje, na kwa vimiiba vya mpungate, vinavyoingia makumi kwa mpigo, husaidia kweli. Ganda la ndizi na maji ya chumvi hulainisha ngozi. Sukari hunyonya maji, nayo haikuanzia jikoni kwa dada yangu. Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe akiona vidonda vikitibiwa kwa chumvi na sukari, aliipeleka sukari hiyo hadi Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, akaifanyia utafiti kwenye vidonda vya wagonjwa. Lakini kidonda kilicho wazi si kibanzi kilichozikwa. Sukari haina mkono wa kuvutia mbao. Nadhani kazi kubwa ya dawa hizi ni kumzuia mtu asijichokoe kwa pupa usiku wa manane, kwenye taa hafifu, kwa ncha ya kisu cha vitunguu. Huipa subira jina la dawa, maana ukimwambia mtu mwenye maumivu asubiri tu atakasirika, lakini ukimwambia afunge sukari hadi asubuhi atakushukuru.

Subira nayo ina kikomo chake. Kipande cha kioo kinaweza kukaa mwilini miaka bila neno. Mbao na miiba vilikuwa viumbe hai. Vina utomvu na vijidudu vyake, na mwili huvitambua kama adui. Huja wekundu, joto, kisha usaha. Hata picha ya eksirei kwa kawaida haikioni kipande cha mbao. Kinachokiona ni kidole chenyewe, na jicho la mtu aliyezoea.

Watu wa jicho hilo ni wengi huku kwetu Westlands, Nairobi, ingawa majina yao hayapo kwenye vibao vya kliniki. Sababu ni ua. Sehemu ya ardhi hii, kuanzia Loresho hadi Kitisuru, ilikuwa mashamba ya kahawa kabla ya kuwa makazi ya wenye nafasi, na mpaka wa shamba ulikuwa kayaba. Mti huu ulitoka kusini mwa Afrika na kupewa na Wazungu jina la mto Kei. Ndimi za Nairobi zikalichukua jina hilo, zikalilainisha, na leo lipo hadi Mukuru Kayaba, mbali na bustani zozote. Tunda lake ni la manjano na kali kwa uchachu. Mwiba wake unaweza kufika sentimita 6 au 7, umenyooka kama msumari, na ua wa kayaba uliokomaa haupiti ng'ombe wala mwizi. Siku hizi nyaya za umeme zimepanda juu ya kuta, lakini kayaba bado ipo kwenye vichochoro vya zamani, pamoja na bogenvilia inayoficha makucha yake chini ya maua.

Kuna barabara huku inayoitwa Peponi. Sijui kama waliokaa nyuma ya nyua zake wanasikia maana ya anwani yao kila wanapoiandika. Wanaoisikia vizuri ni wale wanaotembea alfajiri kutoka Kangemi na makasi ya bustani mabegani, kwenda kuikata pepo ya mtu mwingine iwe sawa juu na pembeni. Mwiba uliopandwa kumzuia mgeni humchoma kwanza mtunzaji. Yeye jioni hurudi nyumbani na mshahara wa siku, na pengine mwiba mmoja ambao haukuhesabiwa kwenye malipo.

Kwa hiyo wamejifunza. Na neno hilo kujifunza, katika kazi hii, lina funza ndani yake. Vidole vingi vinavyojua kutoa mwiba vilipata shule yake kwenye nyayo za watoto wa kijijini, kwa mdudu huyo. Funza hakuwa wetu. Alivuka bahari mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazil hadi Ambriz, Angola, na kabla ya karne kuisha alikuwa ameshalikata bara, akisafiri na misafara, hadi akafika upande wetu. Jike huingia chini ya ngozi ya mguu na kuvimba kwa mayai hadi kutoshana na njegere. Kumtoa kulitaka mkono mwepesi: upanue mlango, uzunguke kifuko chake, umtoe mzima bila kumpasua. Nyanya aliyeweza hivyo alikuwa na foleni mlangoni.

Sifa hiyo ina kivuli, na asiyekitaja anasifu nusu. Pini moja iliyopita miguu mingi bila moto wala sabuni iliweza kubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi, ndiyo maana wahudumu wa afya wanaikataza, na siku hizi yapo mafuta ya dimetikoni yanayomuua funza bila kumchokoa. Nao udongo hubeba pepopunda, ambayo haina huruma na mtu asiyechanjwa. Mwiba uliozama kwenye kiungo, ulio karibu na jicho, au ulioanza kuchora mstari mwekundu kupanda mkononi, ni wa daktari. Mtoa mwiba hodari huujua mpaka huo, naye husema mapema, "Hii si yangu."

Chombo chenyewe ni pini ya kufunga nguo. Aliyeibuni, Walter Hunt wa New York, aliisajili tarehe 10 Aprili 1849 na kuiuza haki yake kwa dola 400, akiwa na deni la dola 15 lililomkaba. Utajiri wote uliofuata ukawa wa wengine. Nina hakika hakuwaza kwamba chuma chake kilichopindwa kingeishia kwenye pindo la leso na ndani ya kola ya sweta Nairobi, mahali pa kwanza ambapo mwanamke wa kwetu hugusa akisikia kwamba mtoto amechomwa. Kikulacho ki nguoni mwako, tumeambiwa. Kwa mwiba, kikuponyacho nacho ki nguoni.

Pini ninayo hata mimi. Kilichonishinda ni mkono. Kibanzi kilikuwa mkono wa kulia, na mkono wangu wa kushoto, ambao haujawahi kuandika hata jina langu, ulitetemeka juu yake kama mlevi kwenye daraja. Kinyozi hajinyoi. Jengo letu lina nyumba nyingi, na katika miaka minne nimejua watu kwa magari yao kuliko kwa nyuso. Ningebisha mlango wa nani na kusema, "Samahani, nishikie kidole"? Jumatatu asubuhi nikashuka ngazi hadi langoni, kwa mama anayeuza chai na mandazi nje ya ukuta.

"Shikamoo mama. Una pini?"

"Marahaba. Pini haikosi. Umefanya nini, mwanangu?"

Kabla sijajibu, mzee anayetunza bustani ya jirani, aliyekuwa anamalizia kikombe chake, akaushika mkono wangu na kuugeuzia jua. Hakukiminya kidole. Aliuliza maswali mawili.

"Ni mwiba ama ni mbao?"

"Mbao, mzee."

"Umeiloweka?"

"Siku mbili."

Akatikisa kichwa, bila ukali. Hapo nilielewa kwa nini uganga wangu wote ulishindwa. Mwiba wa kayaba ni mgumu. Ukilowekwa kidogo, ngozi hulainika na wenyewe hubaki ulivyo. Mbao hunywa maji. Huvimba, hujaa kwenye tundu lake, kisha hulegea kama mkate ndani ya chai, na ukiivuta inakatika vipande. Fundi wa mbao huvuta kibanzi kikavu, papo hapo, kwa kibano na mkono wa mwenzake. Mtunza bustani hungoja maji. Mimi nilikuwa nimeutibu mwiba ambao sikuwa nao.

"Hiyo sasa haitavutwa," mzee alisema. "Ni kuifungulia mlango."

Mama akachomoa pini kwenye sweta. Akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akaiacha ipoe, akafuta masizi. Soja wa lango akaleta chupa ya kitakasa mikono iliyobaki pale tangu siku za korona, kisha akawasha tochi ya simu juu ya kidole changu ingawa jua lilikuwa limetoka. Macho ya soja yalikuwa ya kijana. Mikono ya mama ilikuwa ya kazi. Mzee alikuwa na ramani. "Imeingia ikielekea juu," alisema, akionyesha kwa unyasi. "Fuata njia yake." Mwiba hutokea ulipoingilia. Ukiubishia pembe yake, unavunjika na kukuachia nusu.

Mama hakudunga. Alilaza pini karibu sambamba na ngozi, akaiinua ngozi ile ya juu isiyo na damu, iliyokufa tayari, akaipasua unywele baada ya unywele juu ya mgongo wa kibanzi. Na kila pini iliposogea, alisema neno moja.

"Pole."

Ikasogea tena. "Pole."

Nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kulisikiliza. Tunamwambia pole aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyenyeshewa. Tukitaka mtu apunguze mwendo tunalirudia mara mbili, polepole, na hatuoni kwamba ni lile lile. Pale langoni nililisikia likifanya kazi zote mbili kwa pumzi moja: lilinihurumia mimi na kuitawala pini. Lisingeweza kugawanywa. Mkono unaokimbia hauna huruma hata ukiwa na nia njema, na huruma iliyokosa utulivu ingenichana kidole. Huo ndio ufundi wote, nao umehifadhiwa katika neno ambalo hata mtoto anajua kulitamka.

Kibanzi kilipolala wazi kwenye mfereji wake, mama alikiinua kwa ncha ya pini, kizima. Akakamua tone la damu, akaosha kidole kwa sabuni na maji ya dumu, akakausha. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtoa mwiba niliyewahi kumwona hulifanya: akakiweka kwenye kiganja changu nikione. Kilikuwa na urefu wa punje ya mchele, na wembamba wa nusu yake. Soja akacheka. Mzee akacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, kwa maana siku tatu nilikuwa nimebeba boriti.

Nilitaka kulipa. Mama akasema ninunue mandazi, basi, kama nina njaa. Nikanunua manne, tukala tukiwa tumesimama, na kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu ukweli: kwamba fundi aliniomba nisubiri msasa wa mwisho, nami nikakataa.

"Kumbe ulijitakia," mzee alisema, akichukua makasi yake kurudi kwenye kayaba.

"Nilijitakia, mzee."

Mama alikuwa ameipitisha pini motoni tena na kuirudisha ndani ya kola ya sweta yake. Aliitazama mara moja kama imefungwa vizuri, kisha akanitazama mimi. "Pole, lakini," alisema, akanimiminia chai.