Majina ya mugini: tuyafuate, tusiyasahihishe

Siku hizi jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kalemie zinaandika historia ya ukoo wao: nani alizaa nani, bankambo walitoka wapi, waliingia kazi ya madini mwaka gani. Ni kazi nzuri, tunaisifu. Lakini nyingi kati ya zile tulizosoma zina kilema kimoja: zinasahihisha majina ya mahali. Mwandishi anakuta « Élisabethville » katika mukanda wa zamani, anafuta, anaandika « Lubumbashi ». Anakuta mugini asioujua, anatia jina la teritware. Hapo njo uzi unakatika.

Jina la mahali lina tarehe yake. Élisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudi Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa provensi ine. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa mmoja Katanga, mwingine Shaba. Mwenye kusawazisha yote kwa jina la leo anafuta alama iliyotusaidia kujua mukanda uliandikwa wakati gani.

Kuna na mitego. « Albert » katika karatasi si lazima Albertville, ni kusema Kalemie: hapa kwetu komini Albert njo Kamalondo ya leo. Na « Baudouinville »? Wengi wanafikiri ni jina la mfalme Baudouin aliyetawala tangu 1951, basi wanaona karatasi ya mwaka 1917 ni ya uongo. Hapana. Jina lilitoka kwa Baudouin mwingine, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyekufa mwaka 1891. Padri Stefano Kaoze alipewa upadri kule Baudouinville mwaka 1917 kweli, na wenyeji wanapaita Kirungu, upande wa Moba.

Lakini ugumu mkubwa uko mu migini. Kwetu mugini mara nyingi unaitwa kwa jina la mkubwa wake. Sultani akifa, mrithi anavaa jina lake; watu wakihama, jina linahama nao. Kwa hiyo jina moja linaweza kuwa mahali pawili au patatu kwa miaka mbalimbali, na karte inaonyesha pamoja tu. Tutazame Kasongo ya Maniema. Mji wa Tippu Tip, ambao askari wa Dhanis waliuingia mwaka 1893, haukuwa pale mji wa leo uko. Mahali pa kale panaitwa Tongoni. Kila mzee anajua tongo ni nini: mahali watu walipohama. Karte ilifuata jina; wenyeji walishika mahali.

Na karani aliandika alivyosikia. Ziwa moja ni Moero kwa Kifaransa, Mweru kwa majirani wetu wa Zambia. Sultani Mpweto akawa « Pweto ». Anayetafuta kwa herufi tu atapita karibu na kwao bila kujua.

Wengine watasema: haya yana faida gani? Yanayo. Watoto wa jamaa mbili wakitaka kuoana, wazee wanauliza kwanza: mnatoka wapi? Tukijibu jina la teritware pekee, damu moja inaweza kukutana bila kujua. Na anayerudi kuomba shamba au kutafuta kaburi la nkambo, bila jina la kweli atapokelewa kama mgeni.

Basi tunashauri hivi. Jina la zamani liachwe jinsi lilivyoandikwa, na mwaka wake. Jina la leo liwekwe kando. Tuulize sultani alikuwa nani, mto gani walichota maji, mlima gani walikuwa wanaona. Mto hauhami na sultani. Tuulize na wamama wazee, maana wanajua majina ya visima na mashamba ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Na tuandike matamshi yao, hata kama Kifaransa kinakataa.

Karte tutaikuta hata kesho. Wazee wanaojua matongo yetu wanapungua kila mwaka. Tuanze kwao.