Kiduha na Mtama Usioita

Kiduha cha zambarau, Striga hermonthica, ni mmea wa asili wa nyika za Afrika. Shuke lake huweza kukaribia urefu wa mita moja, na likichanua katikati ya mtama hupendeza macho, ila kufikia hapo mavuno yamekwisha kuliwa. Makao yake makuu kwa upande huu ni Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya. Kusini mwa Tanzania kinachojulikana zaidi ni nduguye mfupi mwenye maua mekundu, Striga asiatica. Vyote viwili hunyonya mizizi ya mtama, uwele, mahindi na mpunga wa mlimani.

Ugumu wa kupambana nacho uko kwenye mbegu. Ina urefu wa milimita 0.3 hivi, mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nayo hukaa udongoni hai kwa zaidi ya miaka 10. Haioti kwa mvua peke yake. Sharti kwanza ilowe siku kadhaa, kisha ifikiwe na kemikali ziitwazo strigolaktoni zinazotoka kwenye mzizi wa mmea ulio jirani. Mtama hauzitoi kwa ajili ya kiduha: huzitoa ili kuita kuvu rafiki wanaousaidia kupata fosforasi. Fosforasi ikipungua, mzizi huita kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana mchanga uliochoka, kama ule wa mashamba mengi ya Mnyambe na kwingineko Newala, kusini mwa Tanzania, humfaa sana mnyonyaji huyu. Akishajishika kwenye mzizi hukaa chini ya ardhi wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Palizi, basi, huja kwa kuchelewa.

Marekani, ambako kiduha chekundu kiligunduliwa mwaka 1956 katika majimbo ya Carolina, walidunga gesi ya ethilini udongoni ili mbegu ziote pasipo mmea wa kunyonya, zife. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ni ya wenye fedha na mitambo.

Gebisa Ejeta, mtafiti wa mtama mzaliwa wa Ethiopia, na mwanabiokemia Larry Butler, wote wa Chuo Kikuu cha Purdue, walichukua njia nyingine: kutafuta mtama usioita. Shambani uteuzi ulikuwa wa kubahatisha, kwa kuwa mbegu za kiduha hazijasambaa sawasawa. Mtama uliosalimika pengine uliangukia tu mahali safi. Kazi ikahamia kwenye sahani ya maabara. Mbegu za kiduha zilizolowekwa huchanganywa na agari, kisha mbegu ya mtama iliyoanza kuota huzamishwa humo. Baada ya siku chache darubini huonyesha mbegu za kiduha zilizoota na zisizoota, na mtafiti hupima kutoka mzizini hadi ile ya mbali kabisa iliyoota. Ikiwa ndani ya milimita 10, mtama huo huhesabiwa kuwa mtulivu. Kipimo cha rula kikachukua nafasi ya misimu ya kukisia, na hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi yote.

Mtama mtulivu kama SRN39 ukazalishwa na aina zenye mavuno mazuri. Tanzania ilipitisha mbili, Hakika na Wahi, mwaka 2002. Ejeta akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Jeni inayohusika na wito huo, LGS1, ilitambuliwa mwaka 2017. Ikikosekana, mzizi hutoa zaidi orobankoli, strigolaktoni ambayo huamsha kiduha kwa udhaifu, badala ya 5-deoksistrigoli inayokiamsha kwa nguvu.

Sifa hiyo ya utulivu hujitokeza pale tu inaporithiwa kwa wazazi wote wawili. Chavua ya mtama wa kawaida wa shamba la jirani huweza kuidhoofisha katika mbegu ya akiba, hivyo mbegu hiyo huchaguliwa katikati ya shamba, mbali na mpaka. Mbegu za kiduha zilizokwisha kulala ardhini nazo hazifi kwa ukimya wa mtama: mimea michache itakayochomoza hung'olewa kabla haijakomaza mbegu.