Mshipa wa Mguu na Mikono Inayouchukua

Wanaosimulia upasuaji wa baipasi ya moyo husimulia kifua: mfupa uliopasuliwa, moyo uliosimamishwa, mashine inayosukuma damu kwa niaba yake. Mimi huvutiwa zaidi na mguu. Daktari bingwa anapofungua kifua, mwenzake, mara nyingi kijana ambaye bado anajifunza, huwa ameinama pembeni akiutafuta mshipa wa vena unaopanda upande wa ndani wa mguu, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Ni nadra jina lake kutajwa baadaye. Hata hivyo, namna atakavyoushika mshipa ule ni sehemu kubwa ya jibu la swali ambalo mgonjwa ataliishi kwa miaka: je, damu itaendelea kupita?

Aliyeifanya vena hiyo kuwa tegemeo la upasuaji wa moyo ni René Favaloro, Muargentina aliyewahi kuwa daktari wa kijijini huko Jacinto Aráuz kwa miaka 12. Mei 1967, akiwa Cleveland Clinic nchini Marekani, alianza kupandikiza vena ya mguu kwenye ateri za moyo zilizoziba. Ncha moja hushonwa kwenye aota, nyingine kwenye ateri mbele ya pale palipoziba, na damu hupata njia mpya. Mguu wenyewe hauathiriki sana, kwa sababu vena za ndani zaidi hubeba damu yake.

Lakini vena haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtu akiwa amelala, presha ndani yake ni ndogo mno, kama milimita 10 za zebaki. Vena ikifika moyoni hupigwa na presha ya 120 kila pigo, mchana na usiku. Katika mwezi wa kwanza adui ni damu kuganda. Miezi inayofuata, ukuta wake hunenepa kwa ndani. Baada ya hapo lehemu hujikusanya, na ifikapo mwaka wa 10, kwa hesabu za miaka mingi, karibu nusu ya vena hizi huwa zimeziba au zimeharibika vibaya. Ateri ya ndani ya kifua, ambayo nayo hutumika kama njia mpya ya damu, hudumu kuliko vena kwa mbali, lakini zipo mbili tu, na moyo mgonjwa mara nyingi huhitaji njia tatu au nne. Kwa hiyo vena bado ndiyo inayotumika zaidi.

Kwa muda mrefu uchakavu huo ulichukuliwa kuwa maumbile ya vena. Domingos Souza, daktari wa Brazil aliyefanya kazi katika mji wa Örebro, Sweden, alishuku mikono ya wapasuaji. Alitazama desturi iliyozoeleka: vena inavuliwa mafuta yote yanayoizunguka hadi inabaki uchi, na kwa kushikwashikwa inasinyaa. Ili kuitanua, mpasuaji huijaza maji ya chumvi kwa bomba la sindano, akisukuma kwa kidole gumba, na presha ya kidole hicho inaweza kupita 300. Utando wa ndani, ambao ndio unaotoa kemikali za kulegeza mshipa na kuzuia damu isigande, unachubuka kabla vena haijafika moyoni.

Mwaka 1996 Souza alichapisha njia yake. Mkulima huhamisha mche pamoja na udongo wake. Yeye aliichukua vena pamoja na mafuta yake. Koleo hushika mafuta hayo, haligusi ukuta wa mshipa. Vimishipa vinavyoilisha vena yenyewe vinabaki mahali pake. Matawi madogo hufungwa moja baada ya jingine, bila pupa. Hakuna kujaza maji kwa nguvu: vena huhifadhiwa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe iliyotiwa heparini, na ili kujua kama inavuja, hupimwa kwa presha ya damu yake mwenyewe.

Navutiwa na njia hii kwa sababu ustadi wake mwingi ni kujizuia. Na ustadi hauishii mguuni. Vena ina vali ndani, kwa hiyo lazima igeuzwe, la sivyo vali zitaizuia damu. Isipinde wala kujisokota. Urefu wake ukadiriwe kwa kuwazia moyo uliojaa na mapafu yanayopumua, ingawa mbele ya mpasuaji upo moyo mtulivu uliolegea: ikiwa fupi itavutika, ikizidi itajikunja. Kisha inashonwa kwenye ateri yenye upana wa milimita moja na nusu au mbili, kwa uzi unaokaribia wembamba wa unywele.

Huko Örebro, baada ya miaka 16, asilimia 83 ya vena zilizochukuliwa kwa njia hiyo zilikuwa wazi, dhidi ya 64 kwa njia ya zamani. Waliochunguzwa walikuwa wachache. Huko China, utafiti wa wagonjwa 2,655 uliochapishwa 2021 ulikuta zilizoziba katika mwaka wa kwanza ni asilimia 3.7 dhidi ya 6.5. Utafiti mwingine mkubwa ulioongozwa kutoka Sweden na kutangazwa 2024 haukuthibitisha faida hiyo, na ulionyesha wazi gharama yake: vidonda vya mguuni viliongezeka. Mgonjwa mwenye kisukari na mguu mnene ana haki ya kupimiwa gharama hiyo. Lakini kuhusu bomba la sindano sina shaka. Kulisukuma bila kujua presha yake ni uzembe, hata pale ambapo mafuta hayawezi kuachwa.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukishafungwa, kazi inahamia kwa mgonjwa. Aspirini huanza saa chache tu baada ya upasuaji. Sigara iachwe. Lehemu ishushwe hasa: mwaka 1997 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba walioshushwa sana, ugonjwa uliendelea katika asilimia 27 ya vena zao, dhidi ya 39 kwa walioshushwa kidogo. Kama wewe au mzee wako amefanyiwa baipasi, msiache aspirini wala dawa ya lehemu kwa sababu tu kifua kimeacha kuuma. Muulizeni daktari kwanza.