Televisheni ya Kale: Ilipendwa na Nani?

Kuna aina ya maandishi na mazungumzo ambayo imezidi kuenea katika Afrika ya Mashariki, nayo ni ya kuisifu televisheni ya miaka iliyopita. Husemwa kwamba vipindi vya zamani vilikuwa na adabu, kwamba jamaa nzima iliketi pamoja mbele ya chombo kimoja, na kwamba Kiswahili kilichosikika humo kilikuwa safi. Madai hayo yastahili kupimwa. Mahali pazuri pa kuyapimia ni wilaya za Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara, mahali ambapo wanaoyatoa aghalabu hawapafikirii.

Lugha yenyewe yatoa dokezo la kwanza. Kiswahili hakina jina moja lililokubaliwa na wote kwa hisia hii. "Hamu ya mambo ya kale" ni maelezo tu. Neno lililo vinywani mwa watu ni zilipendwa, ambalo lilihusu nyimbo na sasa hubebeshwa kila kitu cha zamani, hata kisichokuwa cha ngeli yake. Umbo lake ni la kutendwa, na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani, na wapi? Sarufi yaruhusu maswali hayo yaachwe bila jibu, na wanaoisifu televisheni ya kale wamejistiri humo.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake mpaka mwaka wa 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Zanzibar ilitangulia mwaka wa 1973, zama za Aboud Jumbe, tena kwa picha za rangi. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikihesabu chombo hicho kuwa anasa isiyoifaa nchi maskini. Na Mwalimu, ifahamike, alikuwa mtu wa Butiama, mkoa huu huu wa Mara. Basi mtu wa Bara asimuliaye televisheni ya miaka ya sabini, ama aliiona Unguja, ama aliiona ugenini, ama ameazima kumbukumbu ya mwingine. Redio ndiyo iliyokuwa chombo cha jioni, na wachekeshaji wake walikuwa Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania.

Kwa watu wa Tarime, lakini, ugeni huo haukuwa mbali. Kutoka Sirari kwenda Isebania ni kuvuka mpaka kwa miguu, na Wakurya wako pande zote mbili. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka wa 1962, na kutoka huko ndiko walikotoka Vitimbi na Vioja Mahakamani, michezo ambayo hutajwa hata leo kila vinapotajwa vipindi vya kale. Hapa dai la Kiswahili safi laanguka lenyewe. Mzee Ojwang', kipenzi cha Vitimbi, alichekesha kwa sababu Kiswahili chake hakikuwa safi: kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, tena iliyotiwa makusudi, kwa kuwa mwigizaji wake, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Mtazamaji wa pwani angeweza kucheka kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo watu wa bara wasemavyo. Mtu wa Tarime, ambaye Wajaluo wa Rorya ni majirani zake wa sokoni, angesikia jambo jingine, yaani sauti ya jirani anayemfahamu, ikiigizwa na mgeni kwa ustadi. Mchezo ule ulikuwa na utamu kwa kadiri msikilizaji alivyokuwa na sikio la kubagua lafudhi. Anayeukumbuka kama shule ya Kiswahili sanifu hajaukumbuka.

Hata jina la chombo halikutulia. Luninga na runinga zimeshindana kwa miaka mingi, nazo zote mbili zimeshindwa na televisheni katika usemi wa kila siku. Mkurya, ambaye lugha yake ya kwanza haina l, hana shida ya kuchagua kati ya zile mbili.

Lakini jambo zito zaidi liko Serengeti, kwa maana huko ndiko televisheni ya kale iliko hasa, ila haikuwa ya wenyeji. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1956, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alianza kuonekana katika televisheni ya Ujerumani Magharibi na kipindi chake cha wanyama, na kipindi hicho kilidumu mpaka mwaka wa 1987. Mwaka wa 1959 ilitoka filamu yake, aliyoifanya pamoja na mwanawe Michael, wakiruka juu ya mbuga kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia na kuhesabu wanyama. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi wa Januari mwaka huo huo, akazikwa Ngorongoro. Mwaka wa 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar. Wajerumani waliokuwa watoto wakati ule huikumbuka Serengeti kwa upendo wa kweli, nao wanayo haki. Mkoa wa Mara ulikwisha kuwa kumbukumbu ya utotoni huko Frankfurt miaka thelathini na zaidi kabla Mugumu haijaweza kuona chochote katika kioo.

Haifai kuidharau kazi ile. Hesabu ya akina Grzimek, wanyama zaidi ya 360,000, ilikuwa jaribio kubwa la kwanza la namna yake pale, nayo iliwafundisha wengine kuhesabu vizuri zaidi. Upungufu wake uko katika wale wasiohesabiwa. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isiwe na watu ndani yake, hata wenyeji. Waikoma, Wanata na Wangoreme, ambao waliwinda huko kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka wa 1951, huingia katika hadithi kupitia mitego yao. Wala hadithi haikuweza kujua kitakachofuata: nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya sitini walifika 1,300,000 kufikia mwaka wa 1977, na sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka, baada ya kuchanjwa ng'ombe wa wafugaji walioizunguka hifadhi. Zizi la mfugaji liliwaokoa nyumbu. Picha hiyo haimo katika kumbukumbu ya mtazamaji yeyote wa Ulaya.

Filamu hiyo ikipewa siku moja masimulizi ya Kiswahili, taabu itaanzia kwenye jina. Kijerumani chasema Serengeti hairuhusiwi kufa. Kiingereza kililigeuza kuwa karibu na ahadi. "Serengeti Haitakufa" ni utabiri, na "Serengeti Isife" ni ombi au amri, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. Jina Serengeti nalo husemwa kuwa ni la Kimaasai, lakini sasa ni jina la wilaya ambayo wenyeji wake wengi si Wamaasai.

Taabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mtu yule mwenye mtego ataitwa mwindaji au jangili? Mstari wa mpaka ulimpitia akiwa pale pale na uta ule ule, na Kiswahili kina maneno mawili kwa ajili yake, moja la heshima na moja la hatia. Wasimulizi wa vibanda vya video, Lufufu akiwa maarufu miongoni mwao, walizoea kuitia filamu ya kigeni maneno yao wenyewe, wakimkejeli huyu na kumtetea yule bila kujali aliyeitunga alikusudia nini. Mfasiri mwaminifu hana uhuru huo, naye atalazimika kuchagua neno moja mbele ya watazamaji wa Mugumu, ambao baadhi yao ni wajukuu wa mtu aliye katika picha.