Doa, Mpauko na Mahame: Msamiati wa Uchakavu na Uhakiki wa Al-Inkishafi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna neno moja linalobebeshwa mzigo kupita kiasi katika majibu ya ushairi: kuchakaa. Nguo imechakaa, ukuta umechakaa, jina la mtu limechakaa, mji wa Pate umechakaa. Msomaji wa jibu kama hilo hawezi kujua iwapo mwandishi ameona jua, maji, uchafu, umri au kifo. Hoja ya makala haya ni kwamba maneno ya Kiswahili ya kueleza kitu kilichopoteza sura yake aghalabu hubeba ndani yake sababu ya hali hiyo. Mhakiki asiyeitambua sababu huikosa dhamira.

Hebu tuanze na matumizi ya kila siku, na tuwe Lamu. Vazi jeusi la buibui likianikwa juani siku nyingi hupauka, weusi wake ukaelekea kijivu. Ngozi isiyopakwa mafuta nayo hupauka. Leso iliyofuliwa mara nyingi huchujuka, kwa kuwa rangi imetoka na maji. Dele ya shaba isiyosuguliwa hufubaa: shaba ingalipo, kilichopotea ni mng'aro, na ukiisugua utaurudisha. Maandishi ya barua ya zamani hufifia, kama sauti au mwanga wa taa, yaani hupungua kidogo kidogo hadi yasionekane. Uso wa mtu aliyeugua husawijika. Mkeka uliokaliwa miaka mingi ndio hasa uliochakaa, kwa maana kuchakaa, kwa kawaida, ni matokeo ya kutumika.

Doa ni jambo jingine. Doa hutoka nje na kuangukia kitu kilichokuwa safi, mathalani tone la kahawa kwenye kanzu nyeupe. Ndiyo maana lugha ikalichukua neno hili, pamoja na mwenzake waa, ikayatumia kuelezea heshima ya mtu. Tukisema fulani ametiwa doa, tunadai kwamba alikuwa safi na kwamba kuna tendo lililomchafua. Kuvu, kwa upande wake, huota. Haimwagiki wala haipakwi. Ukuta wenye kuvu ni ukuta wenye unyevu.

Sasa tuingie katika Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huu takriban miaka 200 iliyopita, akiusemesha moyo wake mwenyewe kuhusu upitaji wa dunia. Ushahidi anaoutoa ni Pate, mji uliokuwa na matajiri na masharifu, na ambao fahari yake ilikwisha. Kwanza anatuonyesha nyumba zinazowaka taa hata usiku ukafanana na mchana. Kisha anaturudisha katika nyumba zizo hizo: popo wananing'inia juu, bundi anakoroma ndani, mende na nyenje wanalia kumbini, buibui wametanda utando, na katika zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani, wamelala makinda ya ndege.

Mtahiniwa aliyezoea neno moja ataandika: "Mshairi anaonyesha kuwa nyumba za Pate zilikuwa chafu na zilichakaa." Jibu hili lina makosa mawili. Kusema zilichakaa ni kusema zilitumika sana, ilhali mshairi anasikitika kwamba hazina tena wa kuzitumia. Kusema ni chafu ni kumlaumu mwenye nyumba kwa kutofagia, na mwenye nyumba yuko kaburini. Neno analolichagua mshairi ni tame, yaani mahame, mahali palipohamwa. Nguvu ya sehemu hii haitokani na vivumishi vya uchakavu, bali inatokana na wapangaji wapya. Kidaka hakikubomoka, kimebadilisha mgeni. Jibu linaloeleza hivyo limeigusa dhamira ya utenzi: mali hubaki, mwenye mali huondoka.

Ili tofauti hii ieleweke darasani, ulinganishe utenzi huu na ule wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa hivi hivi. Tenzi zote mbili zimo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokitoa M.M. Mulokozi mwaka 1999. Mwana Kupona anamuusia bintiye usafi wa nyumba, unadhifu wa mwili na manukato. Katika nyumba anayoizungumzia, utando wa buibui ungekuwa uzembe, maana kuna mtu wa kuuondoa. Katika nyumba ya Al-Inkishafi, utando ule ule ni tangazo la msiba. Kitu ni kimoja. Maana yake inategemea kama nyumba ina mtu. Kwa hiyo usimfundishe mwanafunzi kwamba utando wa buibui "huashiria uchafu" popote auonapo.

Suala hili halikomei kwenye alama za mtihani. Mji wa kale wa Lamu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wameishi humo kwa zaidi ya miaka 700. Kuta zake hupigwa na mvua na chumvi ya bahari, chokaa ikafubaa, kuvu ikaota, kisha zikapakwa chokaa upya. Ng'ambo, katika kisiwa cha Manda, kuna Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Takwa ni magofu. Lamu si magofu, hata kama baadhi ya kuta zake zina mabaka. Mwanafunzi wa Lamu anayesoma insha inayouita mji wake "magofu ya kale" anaambiwa, bila mwandishi kukusudia, kwamba kwao hakuna mtu.

Basi, mwalimu, kabla ya kusoma utenzi huu na darasa lako, wape wanafunzi vitu vitano: leso kuukuu, kanzu yenye doa, barua ya zamani, chombo cha shaba na picha ya nyumba iliyohamwa. Kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila kitu bila kutumia neno chafu wala kuchakaa, kisha aeleze sababu inayobebwa na neno alilolichagua. Nawe mtahiniwa, ukikutana na taswira ya uharibifu katika shairi lolote, jiulize kwanza: ni nini kilichokipata kitu hiki, na mwenyewe yuko wapi?