Imani FC Walienda Wapi?

Mwaka wa 2009 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na TV ya karibu ilikuwa kwa jirani. Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa ikinyonya betri ya gari. Kila baada ya siku chache betri ilifungwa kwenye baiskeli na kupelekwa senta kuchajiwa. Mwenye nyumba alikuwa na sheria zake: habari kwanza, halafu kama picha bado haijaanza kusinyaa pembeni, watoto wachague kitu kimoja. Sisi tulichagua The Team.

Kama hukumbuki The Team, hauko peke yako, na ndiyo sababu naandika. Ilikuwa tamthilia ya timu ya mpira inayoitwa Imani FC, wavulana na wasichana pamoja, kila mmoja na kabila lake. Ilionyeshwa Citizen mwaka mmoja hivi baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, zile ambazo Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Nyuma yake kulikuwa na shirika la Search for Common Ground, ambalo lilipeleka wazo hilohilo la timu ya mpira katika zaidi ya nchi kumi, kila nchi na hadithi yake.

Kijijini kwetu familia mbili zilikuwa zimepakia magodoro kwenye kanta Januari 2008 zikaenda. Moja ilirudi. Kijana wa familia hiyo alikuwa rika langu, na kwa miezi mingi hatukuwa tunaongea, si kwa ugomvi, ni vile hakuna aliyejua aanzie wapi. Halafu tukajikuta tumekaa kwenye sakafu moja, tunatazama timu moja. Wiki iliyofuata tulikuwa na mpira wa makaratasi na sisali, na timu yetu pia tuliiita Imani. Sisemi TV ilituponya, hizo ni lugha za ripoti. Nasema tulipata kitu cha kuongelea ambacho hakikuwa ile Januari.

Sasa wacha niwe mkweli kama mhakiki, maana mapenzi ya utotoni si uhakiki. The Team ilikuwa na matatizo. Mara nyingi wahusika walikuwa wamebeba mabango: huyu ni umaskini, yule ni ukabila, huyu dhuluma kwa wanawake. Mazungumzo yaligeuka mahubiri pale ambapo kimya kingetosha. Hata mtoto wa miaka kumi na mmoja aliona mkono wa mtu anayetaka tujifunze kitu. Lakini mpira ulipoanza kuchezwa, watu wale walikuwa watu. Walichoka, walinyimana pasi kwa sababu ambazo kila mtu uwanjani alizijua na hakuna aliyezitaja. Hapo ndipo tamthilia hii ilisema jambo ambalo magazeti ya mwaka ule yaliliogopa: kwamba chuki ya majirani haipigi kelele, inanyima pasi tu.

Basi ilienda wapi?

Jibu la kawaida, utalisikia kwenye baa na hata kwa watu wa fani yenyewe, ni kwamba Wakenya hawapendi vya kwao. Ati kitu kizuri kingebaki. Sikubali. Vioja Mahakamani ilianza miaka ya 1970. Vitimbi ilimfanya Benson Wanjau kuwa Mzee Ojwang' kiasi kwamba alipofariki Julai 2015 watu wengi ndiyo mara ya kwanza walisikia jina lake halisi. Papa Shirandula ilikaa hewani miaka na miaka, na Charles Bukeko alipofariki Julai 2020 watu walilia kama amefariki mtu wa plot yao. Mapenzi yapo. Swali ni kwa nini yanashika vipindi vya aina moja na kuachilia vingine.

Angalia umbo lake. Vioja ni kesi moja kila wiki: mshtakiwa anaingia, anajikanyaga, hakimu anaamua, kwisha. Ukikosa wiki tatu hujakosa kitu. Tamthilia inayoendelea inakudai. Inataka uwe umeona wiki iliyopita, na wiki iliyopita stima ilipotea, au betri ilikuwa senta, au wakubwa walitaka habari zaidi. Sisi pale sakafuni tulikuwa tunaona kipande, tunaruka viwili, tunaona kingine. Hadithi ndefu ilihitaji mtazamaji mwenye stima na rimoti yake, na ilitengenezwa hasa kwa ajili ya wale wasio nazo. Kichekesho kikabaki kwa sababu kinamsamehe aliyechelewa.

Sababu ya pili ni pesa, lakini si ile ya "hakuna pesa." Pesa ilikuwepo, ila ilikuwa na tarehe ya kuisha. Hii ni hadithi ya zamani. Mwaka wa 1987 Sauti ya Kenya, ambayo miaka miwili baadaye ikawa KBC, ilianza kuonyesha Tushauriane, tamthilia ya Kiswahili kuhusu uzazi wa mpango. Mbinu yake ilitoka mbali: Miguel Sabido wa Mexico alikuwa ameonyesha kwamba tamthilia inaweza kumbadilisha mtazamaji kwa kumpa wahusika watatu, mwema, mbaya, na yule wa katikati anayesitasita, ambaye ndiye wewe. Kenya ya wakati ule ilikuwa na sababu ya kuitaka mbinu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alikuwa akizaa kwa wastani takriban watoto wanane.

Mimi Tushauriane sijawahi kuiona hata dakika moja. Ninaijua kupitia shangazi yangu. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo akasema, "Hiyo ndiyo ilifanya mama yako aanze kubishana na nyanya." Nikamwomba anisimulie. Akakumbuka jinsi walivyokuwa wamekaa, nani aliinuka kwa hasira, chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi. Hadithi yenyewe hakuikumbuka. Kipindi kilikuwa kimefanya kazi yake ndani ya nyumba ile na kutoweka kama dawa.

Na nadhani hilo ndilo jambo lenyewe. Kipindi cha ufadhili hupimwa kama dawa. Wanauliza: mtazamaji amebadilisha mawazo? Asilimia ngapi? Makutano Junction ilifika hadi mahali ambapo ungeweza kutuma SMS ukaletewa kijikaratasi cha maelezo zaidi kuhusu kilimo au afya. Ni wazo zuri, na tamthilia yenyewe ilikuwa na uhai kuliko nyingi za wakati wake. Lakini dawa ikishamezwa hakuna anayeweka chupa kwenye kabati la vitabu. Mradi ukifungwa, ripoti inaandikwa, na hakuna mstari kwenye bajeti unaosema: nani atatunza hii miaka ishirini ijayo?

Halafu kuna swali la nani mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi za video kwa miaka 50. Ni ulinzi mzuri kama mwenye haki anajulikana. Sasa weka pamoja mfadhili wa ng'ambo, kampuni ndogo ya utayarishaji ambayo huenda imefunga, stesheni iliyopewa ruhusa ya kuonyesha tu, na waigizaji waliolipwa kwa siku. Ukitaka kuirudisha hewani utabisha mlango wa nani? Stesheni inaona heri inunue telenovela ya Mexico au Ufilipino, inayokuja na vipindi zaidi ya mia na karatasi zote zimesainiwa. Hata sharti la asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini haliwezi kutatua hili peke yake, kwa sababu linahesabu saa za hewani. Halihesabu kumbukumbu.

Nilipokuwa chuoni, kabla karo haijanishinda nikaacha mwaka wa tatu, nilitaka kuandika insha ya kozi kuhusu The Team. Mhadhiri aliniuliza swali la haki kabisa: utaitazama wapi? Nilitafuta wiki mbili. Nikapata tathmini za mradi. Nikapata kwamba mwaka wa 2010 mwongozaji wa Kanada, Patrick Reed, alitoa filamu ya hali halisi kuhusu jinsi tamthilia ilivyotengenezwa. Fikiria hilo kidogo. Ilikuwa rahisi kwangu kupata habari za filamu kuhusu Wakenya wakitengeneza tamthilia kuliko kukaa chini nitazame tamthilia yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Niliandika insha kuhusu riwaya badala yake. Riwaya ilikuwa maktaba.

Na hapa lazima nijinyooshee kidole mimi na wenzangu wa magazeti kama hili. Tunaandika kurasa kwa kurasa kuhusu vitabu vilivyouza nakala mia tano, na tamthilia iliyoingia sebuleni kwa watu usiku baada ya usiku tunaiachia kurasa za umbea: nani anaachana na nani, nani amefulia. Kitu kisichoandikwa hakina mtetezi siku mkanda unapooza stoo. Uhakiki hauhifadhi picha, lakini unahifadhi sababu ya kuitafuta.

Tangu 2009 tumepiga kura 2013, 2017 na 2022. Mara hizo zote tumeambiwa tudumishe amani, kwa matangazo ya sekunde thelathini yenye kwaya na njiwa. Mimi The Team sijaiona tena hewani hata mara moja, na kila msimu wa kampeni huwa naingojea kama mjinga. Matangazo yale hayana mtu anayenyima mwenzake pasi.

Mwezi uliopita nilimpigia yule rafiki yangu aliyerudi na kanta. Siku hizi anafanya kazi ya boda. Nikamuuliza kama anakumbuka mwisho wa The Team. Akacheka. "Buda, si betri iliisha?" Akasema ni kweli, siku ile picha ilisinyaa hadi ikawa kama sarafu katikati ya skrini, tukaambiwa twende nyumbani. Mimi nilikuwa nimesahau. Kwa miaka yote hii nilidhani tuliona mwisho.